Henry Muoria: Gadi wa reli aliyeacha mshahara ili awe mhariri

Wakazi wa Bungoma wanaijua vyema reli itokayo Mombasa, ikapita Nairobi, Nakuru na Eldoret, ikateremka Webuye na kufika Bungoma kabla ya kugota mpakani Malaba na kuingia Uganda. Zamani za ukoloni, Webuye ingali ikiitwa Broderick Falls, reli hiyo iliwaajiri maelfu ya Waafrika. Walikuwamo makuli, makarani, wapiga simu za upepo na magadi. Miongoni mwa magadi hao alikuwako kijana mmoja ambaye siku moja aliweka chini bendera na filimbi yake, akashika kalamu. Jina lake lilikuwa Henry Muoria Mwaniki.

Marehemu Muoria alizaliwa mwaka 1914 katika kijiji cha Nyathuna, Kabete. Utotoni alichunga mbuzi kama watoto wenzake, na kiu ya kusoma ilimshika kabla hajaingia darasani. Baadaye alisoma katika shule ya misheni, kisha akapata kazi katika Shirika la Reli la Kenya na Uganda. Siku hizo kazi ya reli ilikuwa na heshima. Mtu alivaa sare, akapata mshahara wa kila mwezi na nyumba ya kulala. Lakini ndani ya mabehewa kila mtu alikuwa na mahali pake kwa kadiri ya rangi yake, na Mwafrika, hata akijua kazi kuliko wote, alikuwa wa mwisho. Muoria aliyaona hayo kila siku, akayaweka moyoni.

Hakukaa kulalamika tu. Alijiandikisha kusoma kazi ya uandishi wa habari kwa njia ya posta, akawa anasoma kila apatapo nafasi. Mapema mwaka 1945 alitoa kijitabu chake cha kwanza kwa lugha ya Kikuyu, ambacho aliwauliza watu wake wafanye nini ili wajikwamue. Kijitabu kilinunuliwa. Hapo Muoria akafanya jambo lililowashangaza wengi. Aliacha kazi ya reli na kuanzisha gazeti lake mwenyewe mwaka huo huo wa 1945. Alilipa jina la Mumenyereri, maana yake mlinzi au mtunzaji.

Msomaji anaweza kuuliza: kwa nini mtu mwenye mke na watoto aache mshahara wa uhakika kwa ajili ya karatasi? Jibu twaweza kuliona katika yaliyompata mwandishi mwenzake wa siku hizo, Bwana Francis Khamisi.

Bwana Khamisi alikuwa mhariri wa kwanza wa Baraza, gazeti la Kiswahili lililoanzishwa mwaka 1939 na kampuni ya East African Standard. Hilo ndilo gazeti lililosomwa na Waafrika wa makabila yote, tangu pwani hata magharibi. Mwezi wa Oktoba 1944 kilipoundwa chama cha KAU, ambacho kwa muda kiliitwa Kenya African Study Union, mwenyekiti alikuwa Harry Thuku na katibu alikuwa huyo huyo Khamisi. Waajiri wake hawakupendezwa. Walimtaka achague moja, kiti cha mhariri au kazi ya chama. Khamisi akaacha kiti cha mhariri. Miaka mingi baadaye, mwaka 1958, alichaguliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria akiwa mjumbe wa Mombasa. Huko alimkuta hayati Masinde Muliro, mwana wa Kimilili, aliyekuwa ameingia mwaka mmoja kabla yake.

Basi hapo pana fundisho. Mhariri wa kuajiriwa alikuwa na ofisi, mtambo na mshahara, lakini kalamu ilikuwa ya tajiri. Muoria alitaka kalamu iwe yake. Hakuwa na mtambo, akawa anapeleka maandishi yake kwa wachapaji wa Kihindi mjini Nairobi. Gazeti lilianza polepole, likaja kutoka kila juma, na mwishowe mara mbili kwa juma. Nakala zake zilikadiriwa kufikia 10,000, na kila nakala ilisomwa na watu wengi, maana aliyejua kusoma aliwasomea wasiojua. Mkewe Judith alikuwa msaidizi wake mkubwa katika kazi hiyo.

Ndani ya Mumenyereri mlikuwa na habari za mikutano ya KAU, barua za wasomaji, mawaidha juu ya elimu, biashara na kilimo, na habari za ardhi iliyonyang'anywa. Muoria hakuwaonea haya watu wake. Aliwahimiza kufanya kazi kwa bidii kama alivyoipinga serikali. Mwaka 1948 alitoa kijitabu cha kueleza kwamba ushindi wa Mwafrika hautatokana na nguvu za silaha, bali na neno la haki na ukweli. Huyo ndiye mtu ambaye serikali ilimhesabu kuwa hatari.

Hata hivyo, haifai kumpamba marehemu kupita kiasi. Mhariri asiye na tajiri naye huwa na wakubwa wake. Muoria alimpenda mno Mzee Jomo Kenyatta aliyerejea kutoka Uingereza mwaka 1946, na gazeti lake lilimsifu bila kificho. Tena liliandikwa kwa Kikuyu, kwa hiyo Mbukusu wa Bungoma au Msabaot wa Mlima Elgon hakuweza kujisomea. Mwezi wa Februari 1948 polisi walipowafyatulia risasi wafuasi wa Dini ya Msambwa huko Malakisi na watu 11 wakauawa, wananchi wa huku nao walihitaji gazeti lisiloogopa serikali, katika lugha waliyoielewa. Waliojaribu kuandika kwa Kiswahili walikuwako, kama vile Bwana W. W. W. Awori, mwana wa magharibi, aliyehariri Habari za Dunia na kisha Radio Posta. Lakini kuendesha gazeti bila fedha si mchezo.

Serikali nayo haikulala. Mwaka 1950 ilitunga sheria ya kudhibiti mitambo ya kuchapishia. Hiyo ilikuwa mbinu ya hila, kwani mchapaji aliyeogopa kunyang'anywa mtambo wake angemkataa mhariri yeyote aliyetiliwa shaka.

Mwezi wa Septemba 1952 Muoria alisafiri kwenda London. Hakujua kwamba anaondoka moja kwa moja. Tarehe 20 Oktoba mwaka huo Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari. Kenyatta na wenzake walikamatwa, na magazeti ya Waafrika yakapigwa marufuku, Mumenyereri likiwamo. Kama Muoria angerudi, kizuizini kulikuwa kunamngoja. Akabaki ugenini. Wake zake wawili walibaki Kenya na watoto katika miaka ile ya taabu, na mke wa tatu, Ruth Nuna, alimfuata London mwaka 1954.

Sasa mhariri huyu angekula nini? Magazeti ya London hayakuwa na nafasi kwa mhariri Mwafrika aliyefukuzwa na dola yao wenyewe. Muoria alirudia kazi aliyoijua tangu ujana wake: akawa gadi katika treni za chini ya ardhi za mji huo. Mtu aliyesomwa na maelfu ya watu akawa anafunga na kufungua milango ya mabehewa. Akirudi nyumbani aliendelea kuandika, lakini sehemu kubwa ya maandishi yake ilikaa sandukuni miaka mingi. Uhuru ulikuja tarehe 12 Desemba 1963, lakini Mumenyereri halikufufuka. Kitabu cha maisha yake kilichapishwa Nairobi mwaka 1994, naye akafariki mwaka 1997. Mwaka 2009 binti yake Wangari, pamoja na wataalamu watatu, walitoa kitabu kingine juu ya maisha na maandishi yake.

Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Mwandishi wa habari huwatetea wafanyakazi wa kila namna, wa viwanda, wa mashamba ya miwa, wa shule, lakini haki yake mwenyewe mara nyingi huwa ya mwisho. Khamisi alikuwa na mwajiri, akapoteza kazi. Muoria hakuwa na mwajiri, akapoteza gazeti. Wote wawili walilipa kwa sababu hapakuwa na sheria wala chama cha kumlinda mwenye kalamu. Chama cha waandishi wa habari wa Kenya kilianzishwa mwaka 1962. Katiba ya mwaka 2010, kwa Ibara ya 34, inalinda uhuru wa vyombo vya habari, na kwa Ibara ya 41 inalinda haki ya kila mfanyakazi kupata ujira wa haki na kujiunga na chama.

Ibara hizo mbili hazifai kutenganishwa. Mwandishi wa Bungoma au Kitale alipwaye kwa kila habari inayochapishwa, asiye na mkataba wala bima, atawezaje kumwandika mkubwa anayeweza kumkatia riziki kwa simu moja? Anayetaka gazeti la kweli na aulize kwanza mwandishi wake analipwaje, na siku akitishwa atasimamiwa na nani. Muoria hakuwa na wa kumsimamia, na gazeti lake likafa angali hai.