Nyuso za Wafanyakazi Ukutani

Daftari la kiwanda humjua mfanyakazi kwa namba yake. Uso wake haumo. Diego Rivera, mchoraji wa Meksiko, aliurudisha uso huo mahali ambapo kila mtu aweza kuuona, nasi twaona ni haki akumbukwe.

Alizaliwa Guanajuato mwaka 1886. Alikaa Ulaya miaka mingi, na huko Italia alijifunza kutokana na picha za kale zilizochorwa juu ya kuta. Aliporejea kwao mwaka 1921, baada ya mapinduzi, serikali ilimpa kuta za majumba yake, naye akazijaza wakulima, wachimba madini na wafumaji.

Aprili 1932 alifika Detroit, Marekani. Mwezi mmoja kabla, tarehe 7 Machi, watu wasio na kazi waliandamana hadi kiwanda cha motokaa cha Ford huko River Rouge, wakapigwa risasi, na wanne wakafa siku ile. Edsel Ford, rais wa kampuni hiyo hiyo, ndiye aliyegharimia picha za jumba la sanaa la mji. Wapo waliomlaumu Rivera kwa kupokea fedha hizo. Na tutazame alivyozitumia.

Kwa miezi kadhaa alizunguka kiwandani akichora watu wakiwa kazini. Rangi ya namna hii hupakwa juu ya chokaa mbichi. Ikikauka haibadiliki tena. Basi ukuta hauvumilii kubahatisha: kila bega na kila mgongo ulioinama sharti ujulikane kwanza katika karatasi. Michoro ikakuzwa hadi kulingana na ukuta, ndipo ikahamishwa. Kufikia Machi 1933 sehemu 27 zilikuwa tayari, na miongoni mwa nyuso zake zimo za wafanyakazi halisi.

Wako waliotaka picha zile zifutwe, lakini maelfu walikwenda kuzitazama, nazo zikabaki. New York haikuwa hivyo: aliuweka uso wa Lenin katika ukuta wa Rockefeller Center, akasimamishwa, na Februari 1934 picha ikavunjwavunjwa.

Rivera alifariki mwaka 1957. Twaamini hoja yake ingali hai: anayelipia ukuta si lazima awe ndiye anayetukuzwa juu yake. Lakini asiyekwenda kwanza kumtazama mfanyakazi kazini mwake, hataweza kumchora wala kumsemea.