Habari za Mutesa, Mfalme wa Buganda

Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, hizi ni habari za Mutesa, mfalme wa Buganda, ambaye wazee wetu wa Pwani walimfikia kwa biashara na dini.

Alikalia kiti cha baba yake, Suna, mwaka 1856. Zamani zake aliitwa Mukabya, maana yake mwenye kuliza watu. Enzi yake ilisimama juu ya hofu: vyeo vilitoka mkononi mwake, na aliyepewa asubuhi aweza kuvuliwa jioni, wana wa wakubwa walitumika uani mwake, chini ya jicho lake, na wauaji wake hawakungoja kadhi.

Mwarabu Ahmed bin Ibrahim alikuwa amekwisha kumkanya Suna asiue watu bure, akimjulisha kuwa wanaye Mola aliyewaumba. Mutesa aliipokea dini hiyo, lakini hakulipokea kanyo. Tangu mwaka 1867 alifunga Ramadhani, akajifunza herufi za Kiarabu, akajenga msikiti, akawaamrisha raia kuswali. Walioonekana hawaifuati ibada waliuawa.

Wako waliofurahi kwa hayo, nao walikosa. Kwani imani ni kazi ya moyo, na upanga hauingizi kitu moyoni ila woga.

Ikafika 1876. Waislamu waliotoka upande wa Misri waliwafundisha vijana wa Kiganda kuwa asiyetahiriwa hafai kuwa imamu wao. Na Mutesa hakutahiriwa, kwa kuwa mila ilikataza damu ya mfalme kumwagwa. Vijana wakakataa kuswali nyuma yake, wakakataa na nyama ya machinjo yake. Mfalme hakuona humo uchaji, aliona uasi. Akaamuru wakamatwe, na wengi wakachomwa moto Namugongo. Mahali hapo hapo, mwaka 1886, mwanawe Mwanga aliwachoma Wakristo.

Mutesa alikufa mwaka 1884. Tazama, ewe ndugu: mkono uliowaua wasioswali ndio uliowaua walioswali. Hakuilinda dini, alilinda utii wake, na Mungu alipotiiwa kabla yake, alighadhibika.

Nami nayaandika haya Babati, ambako twakaa pamoja na Wairaqw, Wagorowa na Warangi, wa dini hii na ile. Tusishangilie jirani anapoonewa kwa ajili ya dini yake, hata kama mwonevu anasali nasi safu moja. Allah atulinde na kudhulumu na kudhulumiwa. Amin.