Duhamel du Monceau na Siri ya Mti

Katika mji wa Paris, nchi ya Ufaransa, alizaliwa mwaka 1700 mtoto jina lake Henri-Louis Duhamel du Monceau. Jamaa zake walikuwa na shamba kubwa mahali paitwapo Denainvilliers, kusini ya mji huo.

Alipokuwa mtu mzima, wakulima wa jimbo la Gâtinais walipatwa na msiba. Mimea yao ya zafarani ilikuwa ikifa, wala hapana aliyejua sababu. Chama cha wataalamu wa Paris kikamtaka Duhamel aichungue habari hiyo. Yeye hakukaa nyumbani na kubuni maneno, bali aliitazama mizizi iliyomo udongoni, akaona kuvu imeshikamana nayo na kuinyonya. Kwa kazi hiyo akapokewa katika chama mwaka 1728. Tangu siku zile desturi yake ikawa moja: akitaka kujua habari za mmea, huuliza mmea wenyewe.

Wakati ule manowari za Ufaransa zilijengwa kwa mbao. Mwaloni hukua miaka mia na zaidi kabla ya kufaa kwa merikebu kubwa. Kumbe, mara nyingi mbao zilioza upesi, na ubao ukioza baharini, roho za watu zimo hatarini. Mwaka 1739 Duhamel alikuwa amekwisha wekwa kuwa mkaguzi mkuu wa mambo ya merikebu. Alitambua kwamba asiyejua jinsi mti ufanyavyo ubao wake hawezi kuchagua vema mti wa kukata.

Hata kabla ya hapo, mwaka 1737, yeye na mwenzake Buffon walikuwa wamechungua miti iliyokatwa. Katika nchi za baridi mti hulala wakati wa theluji, na kila mwaka huongeza duara moja la ubao. Wakahesabu toka gomeni kwenda ndani, wakaona duara la 29 lina kovu. Hesabu iliwafikisha mwaka 1709, mwaka wa baridi kali mno katika Ulaya. Miti ilikuwa imeyatunza majeraha yake kama kitabu.

Lakini ubao mpya watoka wapi? Wataalamu walishindana: wengine walisema watoka katika gome, wengine katika ubao wa zamani. Duhamel akainua gome, akatia bati jembamba kama karatasi kati ya gome na ubao, akalirudisha gome mahali pake. Kisha akangoja. Mti ulipokatwa baadaye, bati lilionekana ndani, limefunikwa kwa ubao mpya upande wa nje. Basi ikawa dhahiri kwamba ubao wa zamani haukuuzaa ule mpya. Mti hunenepa kwa nje, chini ya gome.

Tena aliwalisha wanyama chakula kilichochanganywa na mzizi wenye rangi nyekundu, kisha chakula kisicho na rangi, kwa zamu. Mifupa yao ikawa na matabaka mekundu na meupe, mfano wa duara za mti.

Duhamel hakuoa. Ndugu yake alikaa Denainvilliers na kumsaidia kuangalia majaribio, na kuanzia mwaka 1740 waliandika habari za hali ya hewa. Mwaka 1758 alitoa kitabu chake kikubwa juu ya maisha ya miti, na mwaka 1767 kingine juu ya kuchukua mbao, kuzitunza, na nguvu zake. Akafa mwaka 1782.

Hakuyafahamu yote. Alidhani kwamba kati ya gome na ubao mna utelezi tu ugeukao kuwa ubao. Waliomfuata, wenye hadubini bora, waliona kuwa ni tabaka la chembe hai zinazogawanyika. Lakini walijua mahali pa kutazama, kwa sababu yeye alikuwa amekwisha waonyesha. Mwenye haraka angaliukata mti ule mapema, asione kitu. Duhamel alingoja mpaka mti ulipomjibu.