Papa Yohane XXIII na Jirani wa Imani Nyingine

Katika nyumba nyingi za Wakatoliki kuna swali lirudilo mara kwa mara. Binti ameposwa na kijana wa dini nyingine. Mjomba ameliacha Kanisa akafuata dhehebu jingine. Jirani Mwislamu amefiwa, nasi hatujui tuingieje msibani. Twaogopa mambo mawili: tukikaribia mno, imani yetu itapungua, tukijitenga, udugu utavunjika. Ili kupata mwanga juu ya jambo hili, leo twapenda kuyatazama maisha ya mtu aliyelikabili miaka mingi kabla ulimwengu haujamjua. Naye ni Angelo Giuseppe Roncalli, tumjuaye kwa jina la Papa Yohane XXIII.

Alizaliwa tarehe 25 Novemba 1881 katika kijiji cha Sotto il Monte, karibu na Bergamo, nchini Italia. Wazazi wake walikuwa wakulima maskini, waliolima ardhi ya mtu mwingine na kugawana naye mavuno. Alipewa daraja ya upadre mjini Roma mwaka 1904, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza aliwahudumia majeruhi hospitalini.

Mwaka 1925 Papa Pius XI alimfanya askofu, akamtuma Bulgaria kuwa mjumbe wake. Nchi ile ilikuwa ya Waortodosi. Wakatoliki walikuwa wachache, tena wametawanyika vijijini. Wengi walimtazama mgeni huyu kwa mashaka. Yeye hakuanza kwa mabishano. Aliwatembelea watu wake hata vijiji vya mbali, na mwaka 1928, tetemeko la ardhi lilipobomoa nyumba nyingi, alikwenda kati ya walioumia, akawagawia msaada bila kuuliza nani anasali wapi.

Ndipo likaja jaribu kubwa, nalo lilikuwa jambo la ndoa. Mfalme Boris III, Mwortodosi, alitaka kumwoa Giovanna, binti Mkatoliki wa Mfalme wa Italia. Kanisa lilitoa ruhusa kwa sharti kwamba ndoa ifungwe Kikatoliki tu, na watoto wabatizwe Wakatoliki. Ndoa ilifungwa Assisi tarehe 25 Oktoba 1930. Siku chache baadaye ikafanyika ibada ya pili mjini Sofia, ya Kiortodosi. Na mwaka 1933 mtoto wao wa kwanza akabatizwa Kiortodosi. Papa alilalamika hadharani. Kwa Askofu Roncalli, aliyesimama katikati ya pande mbili, yalikuwa maumivu makali.

Hapa ndipo yatupasa kutulia na kutazama. Hakusema kwamba ahadi iliyovunjwa ni kitu kidogo, wala hakuificha sheria ya Kanisa ili ampendeze mkubwa. Lakini hakumfanya mfalme adui yake, wala hakuwatukana Waortodosi. Alinyamaza penye kunyamaza, akasali, akauacha mlango wazi.

Tangu mwaka 1935 alikaa Istanbul, akiwa mjumbe wa Papa kwa Uturuki na Ugiriki. Mwaka ule ule serikali ya Uturuki ilikataza viongozi wa dini zote kuvaa mavazi ya dini nje ya ibada. Roncalli aliweka kanzu yake kando, akatembea barabarani na suti kama raia. Aliingiza lugha ya Kituruki katika sala za kanisani, ijapokuwa baadhi ya Wakatoliki hawakupendezwa. Mwaka 1939 alikwenda kumwamkia Patriarka wa Waortodosi pale pale mjini, jambo lisilokuwa la kawaida siku zile.

Ilipokuja Vita Kuu ya Pili, Wayahudi waliokuwa wakiwindwa walimjia kutafuta msaada, naye hakuwafukuza. Mwezi Juni 1943 alimwandikia Mfalme Boris, yule yule wa ndoa ya Assisi, kuwaombea Wayahudi waliokuwa hatarini. Hatusemi kwamba barua ile peke yake iliokoa watu. Wayahudi zaidi ya 11,000 wa sehemu za Ugiriki na Yugoslavia zilizotawaliwa na Bulgaria walikuwa wamekwisha kuchukuliwa mwezi Machi na kupelekwa kuuawa. Wale wa Bulgaria yenyewe walinusurika kwa kuwa wengi walisimama kuwatetea, na katika hao walikuwamo maaskofu Waortodosi, Stefan wa Sofia na Kiril wa Plovdiv. Lakini tuone neno hili: Roncalli aliweza kumwandikia mfalme kwa sababu miaka kumi nyuma hakuuvunja urafiki. Kama angaliufunga mlango kwa hasira, angaliubisha kwa uso gani siku ya damu?

Tarehe 28 Oktoba 1958 alichaguliwa Papa, akikaribia umri wa miaka 77. Tarehe 25 Januari 1959, siku ya kufunga juma la kuombea umoja wa Wakristo, alitangaza Mtaguso Mkuu. Mwaka ule ule aliondoa katika sala ya Ijumaa Kuu neno lililowadharau Wayahudi. Mwaka 1960 alimfanya Askofu Laurean Rugambwa wa Tanganyika kuwa kardinali, akaunda ofisi ya umoja wa Wakristo chini ya Kardinali Augustin Bea, na mwezi Desemba akampokea Geoffrey Fisher, Askofu Mkuu wa Canterbury. Mtaguso ulipofunguliwa tarehe 11 Oktoba 1962, wajumbe wa makanisa mengine walikuwamo ndani, wakisikiliza yote. Alifariki tarehe 3 Juni 1963, kabla hajaona tamko la Mtaguso juu ya umoja wa Wakristo la mwaka 1964, wala lile la dini nyingine la mwaka 1965, linalowataja Waislamu kwa heshima. Kanisa lilimtangaza mtakatifu tarehe 27 Aprili 2014.

Basi, wazazi wapendwa, mwanao akitaka kuoa nje ya imani yenu, mwelezeni ukweli wote wa ndoa na malezi ya watoto, wala msiufiche. Lakini kama amekataa shauri lenu, msimfukuze nyumbani, wala msiwatukane wakwe zake. Jirani Mwislamu akifiwa, ingieni msibani, kaeni naye, mchukulieni maji na kuni. Kufanya hivyo si kuikana Imani. Imani iliyo imara haiogopi kuketi na jirani. Na mlango uliouacha wazi leo, huenda kesho ndio atakaopitia mwanao akirudi, au mtu asiye na mwingine wa kumkimbilia.