Mzee George Lilanga: Babu Aliyemrithisha Mjukuu Ufundi



Mwaka huu tunawaletea maisha ya mtu wa kwetu, Mzee George Lilanga. Alizaliwa mwaka 1934 katika kijiji cha Kikwetu, wilaya ya Masasi. Alikuwa Mmakonde, na kama tujuavyo sote tunaoishi Masasi na Newala, uchongaji ni kazi ya Wamakonde tangu enzi za mababu. Alianza kwa miti laini, kisha akaingia kwenye mpingo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alihamia Dar es Salaam. Mjomba wake, Augustino Malaba, alikuwa mchongaji katika iliyokuwa Nyumba ya Sanaa, naye akamtafutia kazi hapo. Kazi yenyewe ilikuwa ulinzi wa usiku. Lilanga hakuidharau. Aliendelea kuchonga mpaka akahesabiwa miongoni mwa wasanii wa hapo. Akajifunza pia kuchora, kutia batiki na kufanyia kazi ngozi za mbuzi. Mwaka 1978 kazi zake zilionyeshwa Washington, Marekani.

Mjukuu wake, Hendrick, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1974. Mtoto huyu alijifunza uchoraji kwa babu yake. Wanafunzi, hebu tulizingatie hili. Sanaa ndiyo iliyokuwa riziki ya mzee, na anayemfundisha mwingine kazi yake huenda akajiongezea mshindani. Yeye hakuficha. Mlango aliofunguliwa na mjomba aliufungua kwa mjukuu.

Uzeeni alipatwa na kisukari, akakatwa miguu. Hata hivyo hakuacha kuchora, akisaidiwa na jamaa na vijana aliowafundisha. Alichokitoa kilimrudia siku ya shida. Alifariki mwaka 2005, na mjukuu akaendelea kuchora kwa jina lake mwenyewe.

Mzee Lilanga alichora na kuchonga viumbe wa hadithi za Kimakonde. Hukumu ya sanamu na picha za wenye roho mtaisoma katika fiqhi kwa walimu wenu, nasi hatukuja kuijadili hapa. Tulilolitaka ni malezi: mzee kumkalisha mtoto karibu na kumwonyesha kazi ya mikono mpaka aipende.

Majumbani mwetu wamo mabibi wanaosuka mikeka kwa ukili wa rangi, na mababu wenye khati nzuri ya Kiarabu au sauti ya kaswida. Ufundi huo hauandikwi katika wosia wala haugawiwi kama shamba. Mwenyewe akizikwa kabla mjukuu hajajifunza, umezikwa naye.

Basi wanafunzi, likizo hii mwendeeni babu au bibi, muulizeni anajua kufanya nini, kisha kaeni mfundishwe. Nanyi wazazi, msiwaite watoto upesi.

Wabillahi tawfiq.