Historia: Kazimierz Nowak, Mpolandi aliyevuka Kongo kwa kinga miaka ya 1930

Wengi wanajua habari za Stanley na Livingstone, lakini ni wachache wanaojua jina la Kazimierz Nowak. Mpolandi huyu alivuka Afrika toka kaskazini mpaka kusini, kisha akarudi kaskazini, karibu kilometa 40.000 kwa ujumla. Alianza na kinga, yaani baiskeli ya kawaida ambayo tayari ilikuwa ya zamani, na inchi yetu aliipitia wakati wa kwenda na wakati wa kurudi.

Nowak alizaliwa tarehe 11 mwezi wa kwanza 1897 huko Stryj, mji ambao leo uko Ukraine. Baada ya vita ya kwanza ya dunia, alihamia Poznań, ndani ya Polandi, akawa mfanyakazi wa kampuni ya bima. Uchumi ulipoharibika, kazi ikakosekana, naye alikuwa na mke, Maria, pamoja na watoto wawili. Hapo akachukua uamuzi ambao wengi waliona ni wazimu: kuzunguka kwa kinga, kupiga picha na kuuzia magazeti habari za safari, ili jamaa yake ipate chakula.

Mwaka wa 1928 alijaribu mara ya kwanza na kufika Libya, lakini pesa zilimuishia, akarudi nyumbani. Tarehe 4 mwezi wa kumi na moja 1931 aliondoka tena, akapitia Italia na kufika Tripoli. Toka pale alipita Misri na Sudani, kisha akaingia katika Kongo ya Wabelgiji. Alifika pia Ruanda-Urundi, akarudi upande wa Kongo, na kuendelea kusini kupitia Rhodesia.

Wakati ule Mzungu aliyesafiri Afrika alikuwa na gari, ao msururu wa wapagazi wa kumbebea mizigo. Nowak alikuwa peke yake, na hema na aparei ya picha. Aliacha barabara kubwa na kufuata njia za miguu zinazounganisha kijiji na kijiji. Penye mchanga ao mlima, kinga haikumbeba tena, bali yeye ndiye aliyeisukuma. Malaria ilimshika mara kwa mara, lakini aliendelea kuandika.

Kwa kuwa alilala vijijini na kula pamoja na wenyeji, aliona mambo ambayo wasafiri wa gari hawakuyaona. Katika maandiko yake alilaumu namna wakoloni walivyowatendea watu weusi. Haikuwa jambo la kawaida kwa mwandishi wa Ulaya wa siku zile.

Mwaka wa 1934 alifika rasi ya Agulhas, ncha ya kusini kabisa ya bara letu. Angeweza kupanda meli na kurudi kwa mke na watoto, ambao walikuwa wakimngoja tangu miaka zaidi ya miwili. Badala yake aligeuza njia na kuanza kurudi kwa kuvuka bara lote tena. Kinga yake ilikuwa imechakaa. Katika inchi ambayo leo ni Namibia alitumia farasi, kisha akashuka kwa mtumbwi kwenye mto Kasai, toka Angola kuingia Kongo. Alifika Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, akaendelea mpaka eneo la ziwa Chad. Sahara aliivuka juu ya ngamia. Mwezi wa kumi na moja 1936 alikuwa Alger, miaka mitano baada ya kuondoka.

Furaha ya jamaa haikudumu. Mwili wa Nowak ulikuwa umeishiwa nguvu kwa malaria na taabu za njiani. Alikufa huko Poznań tarehe 13 mwezi wa kumi 1937, kwa ugonjwa wa mapafu, akiwa na miaka 40. Hakumaliza hata mwaka mmoja nyumbani.

Jina lake lilisahauliwa kwa muda mrefu, mpaka barua zake zilipokusanywa na kutolewa kama kitabu mwaka wa 2000. Tangu 2009 mpaka 2011, Wapolandi walipokezana kwa vikundi kufuata njia yake, wengi wao kwa kinga. Kwa Wakongomani, barua na picha za Nowak ni ushuhuda juu ya maisha ya mababu zetu chini ya ukoloni, ulioachwa na mtu aliyepita mwendo wa polepole na kuona.