Edsger Dijkstra, mtu aliyeogopa hodi ya kompyuta

Edsger Dijkstra (jina lake linasomwa Daikstra) alikufa tarehe 6 Agosti 2002, lakini mawazo yake yangali yanafanya kazi ndani ya kila kompyuta inayopokea ujumbe kutoka kwenye mtandao, hata ile ya zamani iliyojaa vumbi. Mholanzi huyu ni kati ya watu wa kwanza waliokaa chini na kufikiri sana juu ya swali moja: mashine ikiwa katikati ya kazi, kisha kitu kingine kinabisha hodi, ifanye nini ili isiharibu ile kazi iliyoanza?

Kazi isiyokuwa na jina

Alizaliwa tarehe 11 Mei 1930 mjini Rotterdam. Baba yake alikuwa mtaalamu wa kemia, na mama yake alikuwa amesomea hesabu. Kijana Edsger alifikiria kwanza kusoma sheria, lakini alishinda vizuri sana katika hesabu na sayansi, basi akaenda Chuo Kikuu cha Leiden kusoma fizikia. Mwaka 1951 alifuata masomo mafupi ya kuandika programu kule Cambridge, Uingereza. Mwaka 1952 akaanza kazi kwenye Mathematisch Centrum, kituo cha hesabu cha Amsterdam.

Wakati ule kuandika programu hakukuhesabiwa kuwa kazi ya mtu. Alipofunga ndoa na Ria Debets mwaka 1957, alitakiwa kutaja kazi yake kwenye karatasi za ndoa. Akasema anaandika programu za kompyuta. Watu wa serikali walikataa, sababu hawakuijua kazi hiyo, na ikabidi aandikwe kuwa mwanafizikia.

Mama na bugali

Kwenye kituo kile Dijkstra alifanya kazi pamoja na mafundi wawili, Bram Loopstra na Carel Scholten. Wao walijenga mashine, yeye aliandika programu. Kwa kawaida walikubaliana kwanza kwenye karatasi mashine itafanya nini, kisha kila upande ukaenda kufanya sehemu yake.

Kuelekea mwisho wa miaka ya 1950 mafundi hao walikuwa wanatayarisha mashine mpya, Electrologica X1. Wakaleta wazo ambalo Dijkstra hakulipenda hata kidogo. Shida yenyewe ilikuwa hii: kompyuta inahesabu haraka sana, lakini vyombo vinavyofungwa nayo, kama mashine ya kuchapa, vinakwenda polepole. Kompyuta ilikuwa inakaa tu ikingojea chombo kimalize. Ni kama mama anayeacha chungu kila dakika ili akatazame mlangoni kama mgeni amefika. Chakula hakiivi.

Loopstra na Scholten walitaka chombo chenyewe kibishe hodi. Kompyuta ingeendelea na hesabu zake, na chombo kikiwa tayari kingetuma ishara. Hapo kompyuta inakatiza kazi, inamhudumia mgeni, kisha inarudi pale ilipoachia.

Wazo lilikuwa zuri, lakini Dijkstra aliingiwa na woga. Mama anayesonga bugali akiitwa ghafla, akirudi bila kukumbuka ameshatia unga kiasi gani, bugali itaharibika. Na kompyuta ni hivyohivyo. Hodi inaweza kuingia katikati ya hatua mbili zozote, na hakuna anayejua ni zipi. Leo programu inakwenda sawasawa, kesho ishara inafika mapema kidogo na jibu linatoka bovu. Ukirudia kesho kutwa ili utafute kosa, kosa halionekani tena. Sasa utamlaumu nani, fundi wa mashine ao mwandishi wa programu? Yeye ndiye angeulizwa.

Kwa miezi alikuwa anakwepa kutoa jibu. Wenzake walimbembeleza na kumsifu mpaka akakubali.

Alipokubali, hakuanza kwa kujaribujaribu. Alijua kwamba kosa lisilorudi halikamatwi kwa kujaribu, hata ukijaribu mara elfu. Inabidi kulifungia njia kabla halijaingia. Hodi ikifika, kwanza andika mahali pa usalama yote uliyokuwa umeshika mkononi. Pili, zuia hodi nyingine isikuvurugie hapo unapojibu. Tatu, ukimaliza, rudisha kila kitu kilivyokuwa, hata kimoja kisipotee. Hapo ile kazi ya kwanza haitajua kama iliwahi kukatizwa. Kazi hiyo ndiyo ilimpa udaktari wake mwaka 1959, kwenye Chuo Kikuu cha Amsterdam.

Toka X1 mpaka kadi za mtandao

Dijkstra hakutengeneza kadi za mtandao. Lakini waliozitengenezea programu miaka mingi nyuma walikutana na woga uleule. Kwenye kompyuta nyingi za miaka ya 1980 na 1990, njia za kubisha hodi hazikuzidi 15 kwa vyombo vyote, na kila kadi ilipewa namba yake. Kadi mbili zikipewa namba moja, mara nyingi mtandao ulikufa ao mashine yote ikaganda.

Programu inayoendesha kadi kama hiyo inapaswa kuwa na haraka. Ujumbe ukifika, kadi inapiga hodi. Kwa kuwa kadi ina nafasi ndogo ya kuweka vitu, programu itoe ujumbe ule, iuweke kwenye foleni, iijulishe kadi kwamba imesikia, kisha iondoke. Kazi nzito ya kusoma ujumbe ifanyike baadaye. Ikikawia mlangoni, ujumbe mwingine unapotea. Na wageni wakizidi sana, kompyuta inashinda ikifungua mlango tu, kazi zake zinalala. Ndiyo maana programu za baadaye, kwa mfano zile za Linux, saa ya msongamano zinanyamazisha hodi kwanza na kwenda zenyewe kuchukua ujumbe mwingi kwa mara moja.

Mwaka 1962 Dijkstra akawa profesa wa hesabu huko Eindhoven. Pale yeye na kikundi kidogo walijenga mfumo ulioruhusu programu nyingi kutumia mashine moja, bila moja kuikanyaga nyingine. Kila programu ilingoja zamu yake kwa alama inayofanana na ile ya njia ya treni: imefungwa, subiri, imefunguka, pita. Mpaka leo alama hiyo inaitwa semafori. Mwaka 1972 alipewa Tuzo ya Turing, ambayo ni heshima kubwa sana kwa watu wa kompyuta.

Kuna kazi yake nyingine inayogusa mtandao. Siku moja ya mwaka 1956, akiwa ametembea na mchumba wake Amsterdam kununua vitu, walichoka wakaketi kunywa kahawa. Kwa dakika 20 hivi, bila kalamu wala karatasi, alipata namna ya kutafuta njia fupi kati ya miji miwili. Leo vyombo vingi vinavyoelekeza ujumbe kwenye mitandao mikubwa vinatumia namna hiyo.

Toka 1984 alifundisha Austin, Texas, kule Marekani. Yeye mwenyewe alikaa miaka mingi bila kompyuta nyumbani. Aliandika kwa kalamu ya wino, ukurasa kwa ukurasa, na maandishi yake yanapita 1,300. Mwaka 2002 alirudi nyumbani Nuenen, Uholanzi, akiwa mgonjwa wa kansa, na akafa huko akiwa na miaka 72.

Wengi wanamkumbuka kama mtu mkali, asiyevumilia kazi ya kubahatisha. Ukali huo ulikuwa na sababu. Mapema sana alikutana na kosa linaloweza kujificha siku 100 na kutokea siku ya 101, na alikataa kumkabidhi mtu mashine yenye kosa la namna hiyo.